Mkono wa Mina

Watu wa Kwamgala mpaka leo wanamwita Mama Lulu, ingawa Lulu hayupo tena duniani na nyumba ile haikuruzukiwa mtoto mwingine. Hawana nia mbaya. Mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, na jina likishazoeleka midomoni mwa watu haliondoki kwa sababu ya msiba.

Jina alilopewa na baba yake ni Hajra. Alizaliwa Saadani, kwa watu wa kuvua kamba na kuanika samaki, akasoma mpaka kidato cha pili. Baba yake alipougua, masomo yakaishia hapo. Akaolewa na Ramadhan, mkulima wa mahindi na ufuta, akahamia Kwamgala, kitongoji kilichojificha porini, kati ya pwani na barabara kuu ya Msata. Mwanzoni alisumbuliwa na ukimya wa kule. Alizoea kulala akisikia maji, na Kwamgala usiku ulikuwa mkavu kama gunzi.

Kitongoji hakikuwa na shule. Watoto walisoma Mdundusi, kijijini, mwendo wa saa nzima na ushee kwa miguu ya mtoto. Katikati ya njia lilikuwapo korongo la Mabwe. Karibu mwaka mzima lilikuwa mchanga mtupu, wanawake wakichimba visima vya kuchota maji kwa kata na mbuzi wakilala kivulini mwa kingo zake. Masika ndiyo yaliyolibadilisha. Hapo wazazi waliwaambia watoto: mkikuta maji yamepita magoti, rudini nyumbani. Mtoto anayekwenda shule akikuta maji anaweza kurudi nyumbani. Anayetoka shule hana pa kurudi, lakini hilo hakuna aliyelisema.

Lulu alizaliwa baada ya mimba mbili kuharibika. Alipotimiza miaka saba, Hajra alitaka angoje mwaka mmoja zaidi.

"Bado mdogo, baba Lulu. Miguu yake yenyewe kama vijiti."

"Wenziwe wote wanaanza," Ramadhan alijibu. "Akibaki atacheza na nani? Na Mina yupo, atakuwa anamshika mkono."

Mina alikuwa binti wa Zuleha, mjane wa nyumba ya jirani. Alikuwa darasa la tano, mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya kupaza kama muuza samaki. Kila alfajiri alisimama uani kwa Hajra na kuita: "Shikamoo, Mama Lulu! Nipe mtoto wangu twende!" Hajra alicheka kila siku kwa neno lile, "mtoto wangu." Alimpa Mina kipande cha muhogo uliochomwa, akawatazama wakiondoka, mrefu na mfupi, mpaka vichaka viwafiche.

Siku ya mkasa Kwamgala hapakunyesha hata tone. Mvua ilinyesha juu, upande wa milimani, tangu usiku, na watu wa chini hawakujua. Hajra alikuwa shambani akipalilia mahindi aliposikia ukelele kutoka upande wa korongo, kisha mwingine, kisha sauti nyingi kwa pamoja. Alitupa jembe akakimbia. Njiani alikutana na watoto wakija mbio, sare zimelowa, wakimpita bila kumtazama usoni.

Korongoni alimkuta Ridhiwani, mdogo wake Ramadhan, ambaye shamba lake lilipakana na Mabwe. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, amelowa chapachapa, anatapika maji. Kando yake aliketi Mina, amefunikwa kanga ya mtu, meno yakigongana. Maji ya Mabwe yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba magogo.

"Lulu yuko wapi?" Hajra aliuliza.

Ridhiwani aliinamisha kichwa.

"Mina. Lulu yuko wapi?"

Mina alimtazama. "Nimemwachia," akasema.

Lulu alipatikana asubuhi yake, mbali kule chini, amenaswa kwenye matete. Wanaume walimleta amefunikwa. Wanawake walimwosha, akavishwa sanda, akaswaliwa na kuzikwa kabla ya adhuhuri. Hajra alisikia takbiri kutoka ndani, akiwa ameketi, ameegemea ukuta, katikati ya wanawake. Hakulia. Kichwani mwake lilikuwa neno moja tu, lile la Mina, na lilijirudia na kujirudia.

Katika siku za matanga watu walimsifu Ridhiwani. Alijitosa. Bila yeye wangezikwa watoto wawili. Ridhiwani hakuitikia sifa zile. Alikaa nje na wanaume, macho chini, na aliposhikwa mkono wa pole aliutoa haraka. Watu walisema ni uchungu wa mtoto wa kaka yake.

Siku ya tatu Zuleha alimleta Mina. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, umefungwa kitambaa. Waliokuwapo wakasema huenda alijigonga kwenye mawe.

"Msalimie Mama Lulu," Zuleha alimnong'oneza.

"Shikamoo," Mina alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua kabisa.

Hajra alivuta kanga akajifunika uso, akabaki vile mpaka aliposikia nyayo zao zikitoka mlangoni.

Baada ya hapo hakuna mzazi wa Kwamgala aliyempeleka mtoto Mdundusi. Mwalimu mkuu wa kule alikuja kutoa rambirambi, akasema njia ya kwenda shuleni ni jukumu la wazazi, akaagwa kwa adabu na hakurudi. Masika yakaisha, Mabwe likakauka, mchanga ukang'aa kama hakuna kilichotokea, lakini watoto walibaki mashambani wakiwinga ndege. Baadhi walianza kusahau herufi.

Ndipo Bwanausi, mwenyekiti wa kitongoji, alipoitisha mkutano. Alikuwa amesikia habari za shule shikizi, darasa dogo linalojengwa karibu na watu, likiegemea shule kubwa, ili watoto wa chini wasome hapo kwanza na kukomaa miguu. Serikali inaweza kulitambua baadaye. Kilichotakiwa ni nguvu za watu wenyewe. Wanaume walikata miti, wanawake wakachota maji na kukanyaga udongo, vijana wakaezeka kwa nyasi. Hajra hakwenda. Alisikia tu nyimbo za kukandika kuta zikivuma mpaka uani kwake, akaona kama wanacheza ngoma juu ya kaburi.

Jengo lilipokwisha, Bwanausi alimfuata akiwa na Ramadhan.

"Shikamoo, baba," Hajra alisema akiwatandikia jamvi.

"Marahaba, mwanangu. Sitazunguka. Darasa lipo, mwalimu hatuna. Hapa Kwamgala nzima aliyesoma kukushinda hakuna. Tunakuomba."

"Mwanangu alipokuwa hai hamkujenga."

Bwanausi alichezea kofia yake mapajani. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Sina la kukujibu hapo, mama."

Kama angetoa sababu, Hajra angekataa. Asubuhi alioga, akavaa baibui, akaenda kwenye lile jengo la udongo, akawakuta watoto wameketi juu ya magogo, wakimtazama. Mbele palikuwa na kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi. Alichukua chaki, akaandika a, e, i, o, u. Watoto walipoitikia kwa pamoja aliandika ba, be, bi, bo, bu.

Alikwenda tena siku ya pili, na ya tatu. Kilichomvuta hakukisema kwa mtu. Mle ndani aliitwa mwalimu. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana hapakuwa na mtu aliyemwita Mama Lulu.

Wiki ya pili Mina alikuja.

Aliketi gogo la nyuma kabisa, magoti yakifika kifuani, katikati ya watoto wa miaka saba. Mkono ulikuwa umepona ila vidole viwili havikukunjika vizuri. Hajra alimwona mara moja, akaendelea kufundisha kana kwamba hajamwona. Walipotoka mapumziko alimwita pembeni.

"Wewe ni wa darasa la tano. Hapa ni pa wadogo."

"Mdundusi siwezi kwenda, Mama Lulu."

"Hapa si mahali pako. Nenda nyumbani."

Kesho yake alirudi, akafukuzwa. Siku iliyofuata hakuingia. Aliketi nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani, akisikiliza. Hajra alifunga kile kidirisha cha mabua kwa kamba. Ndani kukawa giza, watoto wakalalamika kwamba ubao hauonekani. Alifundisha hivyohivyo mpaka mchana.

Jioni Zuleha alikuja. Hakuketi.

"Mama Lulu, sikuja kugombana. Huyu mtoto halali. Hali. Haongei na mimi mama yake. Kitu pekee alichokitamka kwa kinywa chake ni kwamba anataka kusoma kwako. Mwache akae tu nyuma. Asipoandika, basi. Akae."

"Utaratibu wa shikizi ni darasa la kwanza na la pili."

"Utaratibu umeuweka nani?"

Zuleha alimtazama kwa muda. "Haya," alisema. "Mungu anatuona sote." Akaenda zake.

Baada ya Idi, Mina hakuonekana tena. Dada yake Zuleha, Kuruthumu, alikuwa na banda la chakula Msata, njia panda wanaposimama mabasi na malori, na mtoto alipelekwa kwake. Hajra alipoambiwa alisema tu, "Aa." Usiku ule alilala moja kwa moja mpaka alfajiri, kwa mara ya kwanza tangu Aprili ile ya msiba. Baadaye, kila alipoukumbuka usingizi ule, aliona aibu kuliko kwa jambo jingine lolote.

Mwaka ukageuka. Darasa likashika. Hajra aligundua kwamba ana kipaji. Mtoto aliyeshindwa kutofautisha b na d kwake alitoka anasoma. Alikuwa mkali lakini hakuchapa. Wazazi wakaanza kuleta hata watoto wa vitongoji vya mbele.

Siku moja wakati wa mapumziko aliketi mlangoni akisahihisha hesabu. Watoto walikuwa wakicheza mchangani. Walikuwa wamechora mistari miwili mirefu kwa kijiti, na mmoja wao, binti aitwaye Zuhura, amesimama katikati ya mistari akimshika mwenzake mdogo mkono. Mvulana mmoja alisimama nje ya mstari, amemshika Zuhura mkono wa pili, anamvuta.

"Mwachie!" mvulana yule alipiga kelele. "Mwachie, tutakufa wote!"

"Simwachii!"

"Mwachie nakwambia!" Akaokota kijiti, akampiga Zuhura kwenye vidole kidogo, kwa kuigiza, mara moja, mara ya pili. Zuhura akafungua mkono. Yule mdogo akajiangusha, akajiviringisha kwenye mchanga akitoa sauti ya maji, na wote wakacheka.

Hajra alisimama. Watoto walipomwona uso wake walinyamaza.

"Mchezo gani huu?"

Zuhura alianza kufuta mistari kwa mguu.

"Zuhura. Njoo hapa, mwanangu. Sikuchapi. Mchezo gani?"

"Mabwe, mwalimu."

"Wewe ulikuwa nani?"

"Mina."

"Na huyu mwenye kijiti?"

Zuhura alitazama wenzake, kisha miguu yake. "Tumekatazwa kusema."

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Baba mdogo Ridhiwani. Alituambia tukisema, mama yake Lulu atakufa kwa uchungu."

Kidogokidogo Hajra aliyapata yote, maana Zuhura alikuwapo siku ile, amekwisha kuvuka, amesimama ng'ambo. Maji yalikuja kwa ghafla watoto wakiwa katikati. Mina na Lulu walibaki nyuma. Ridhiwani alikimbia kutoka shambani, akashika mzizi wa mti kwa mkono mmoja na Mina kwa mwingine. Mina alimshika Lulu. Maji yakawavuta wote watatu na mzizi ukaanza kung'oka. Ridhiwani alimpigia kelele Mina amwachie, Mina akakataa. Ridhiwani akambana Mina mkononi kwa meno asimpoteze, akauachia mkono uliokuwa umemshika, akakamata kipande cha gogo kilichopita, akampiga vidoleni. Mara mbili.

Hajra aliwaruhusu watoto mapema. Alitembea mpaka nyumbani, akamkuta Ramadhan anapukuchua mahindi.

"Ridhiwani alimpiga Mina vidole ili amwachie mwanangu," alisema. "Ulijua?"

Ramadhan hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kupukuchua, punje zikianguka kwenye ungo, mpaka gunzi likaisha. Akaliweka chini.

"Nilijua usiku uleule," alisema. "Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunatafuta."

"Ukaniacha nimchukie mtoto wa watu."

"Ningekwambia ungekaa vipi na Ridhiwani kwenye uwanja mmoja? Ndugu yangu ni yule mmoja. Mina ni mtoto, nilisema, atasahau. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesema kamwachia. Hakuna aliyemlazimisha kusema."

"Alikuwa na miaka kumi na mmoja, baba Lulu!"

Ramadhan alifunika uso kwa viganja. Hajra alimwona mabega yakitikisika, na hakwenda kumshika.

Alivuka uwanja. Ridhiwani alikuwa mlangoni kwake, na alipomwona anavyokuja alisimama, akaelewa.

"Shemeji," alianza.

"Niambie tu kama ungeweza kuwatoa wote wawili."

Ridhiwani alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, kama mtu aliyeyazoea. "Nimejiuliza kila siku. Mzizi ulikuwa unang'oka, shemeji. Nilimshika niliyemfikia. Kama ningemfikia Lulu kwanza, ningempiga Lulu vidole amwachie Mina. Wallahi ningefanya hivyo. Sikuchagua."

Hajra alitaka kumchukia na hakuweza kupata mahali pa kuanzia. Angalau Mina alikuwa amempa pa kuanzia. Mwishowe alisema, "Mzigo ule ulipaswa kuubeba mwenyewe," akageuka.

Ijumaa ile alipanda bodaboda mpaka barabarani, na kutoka hapo gari mpaka Msata. Banda la Kuruthumu lilikuwa nyuma ya safu ya malori, moshi wa kuni ukitoka pembeni. Mina alikuwa njia panda, na ndoo ya mahindi ya kuchemsha kichwani. Basi liliposimama alikimbia pamoja na wenziwe, akainua ndoo mpaka madirishani kwa mkono wa kushoto. Wenziwe walipaza sauti wakiita wateja. Yeye hakuita. Aliinua tu ndoo na kungoja.

Alipomwona Hajra hakushtuka. Alishusha ndoo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mama Lulu."

"Marahaba, mwanangu." Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kumwitikia tangu siku ile ya matanga. "Tukae."

Waliketi juu ya tairi kuukuu nyuma ya banda. Hajra alikuwa amepanga maneno njiani, akayatoa yote kwa mara moja: kwamba amejua, kwamba alimkosea, kwamba si yeye aliyemwachia Lulu, ni kipigo, kwamba dirisha alilifunga kwa roho mbaya na anaomba radhi, kwamba nafasi ipo, darasani, mbele, siyo nyuma.

Mina alisikiliza akikuna maganda ya mahindi kwenye kucha.

"Aliponipiga mara ya kwanza sikumwachia," alisema. "Ya pili ndiyo nilimwachia. Niliumia, nikamwachia. Alinitazama."

"Mtoto yeyote angeachia. Hata mimi."

"Wewe usingemwachia, Mama Lulu."

Hajra alifungua mdomo ili aseme kwamba angemwachia, akaona hawezi kusema uongo mbele ya macho yale, na ukweli pia haujui. Alimshika mkono ule wenye vidole vilivyogoma. Mina aliuacha ushikwe, kama mtu anayeacha daktari apime.

"Turudi nyumbani, mama. Mama yako anakulilia."

"Sivuki."

"Saa hizi kukavu. Mchanga mtupu."

"Najua. Sivuki."

Njia ya kutoka Msata kufika Kwamgala ilikuwa moja tu, na ilipita Mabwe; siku ya kuja Mina alivushwa amebebwa, macho yamefungwa kanga. Hajra alikaa pale mpaka alasiri, akibembeleza, akinyamaza, akibembeleza tena. Kuruthumu alileta chai ambayo hakuna aliyeinywa. Basi lilipopiga honi barabarani Mina alisimama, akajitwisha ndoo, akasema, "Samahani, kuna wateja."

Hajra alirudi tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Alichukua vitabu. Wakakaa juu ya tairi lile na kusoma hadithi fupi, Mina akifuata mistari kwa kidole. Bado alijua kusoma vizuri. Ziara ya nne alimkuta amesimama njiani kabla hata hajafika bandani.

"Mwalimu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Naomba usije tena. Usinichukie."

"Nimekukosea nini tena, mwanangu?"

"Ukija naota. Siku zingine siotagi. Ukija, usiku naota."

Hajra alimpa vitabu, akamwombea dua, akapanda gari lililofuata. Hakurudi tena.

Kwa Zuleha alikwenda jioni hiyohiyo, akamweleza kila kitu, kuanzia Ridhiwani mpaka dirisha. Zuleha alisikiliza akiwa anachambua mchele. Kisha akasema, "Nilikuja kwako, nikasimama pale, nikakuomba." Tangu siku hiyo wanasalimiana wanapokutana kisimani, salamu kamili, za nyumbani na za afya, na hapo huishia. Ridhiwani alihama, sasa analinda viwanja vya watu huko Mapinga. Ramadhan na Hajra wanaishi pamoja. Wanakula sahani moja. Kuna usiku Hajra anapomsikia mumewe akigeukageuka kitandani, naye anajua yuko macho, na wote wawili wanajifanya wamelala.

Mwaka juzi shikizi ilitambuliwa. Alikuja mwalimu wa serikali, kijana aitwaye Abdullatif, mpole, anayependa kufundisha nje kukiwa na joto. Yakajengwa madarasa mawili ya tofali na bati. Maofisa walipokuja kuandikisha shule, Bwanausi alisimama mbele ya watu, akapendekeza iitwe Lulu. Watu wakaitikia, wengine wakiwa na machozi. Hajra alinyanyua mkono.

"Nawashukuru," alisema. "Lakini hapana. Watoto watachapwa humu, watafeli humu, watatukanana humu. Sitaki jina lake litajwe katika hayo. Iiteni Kwamgala."

Ikaitwa Kwamgala. Kisha akawauliza wale maofisa habari za daraja. Waliandika. Walisema limo kwenye mipango. Masika mawili yamepita tangu hapo.

Shule inaishia darasa la tatu. Anayetaka kuendelea lazima aende Mdundusi. Disemba Zuhura alimaliza, wa kwanza darasani, mwandiko wake ukiwa mzuri kuliko wa Abdullatif. Januari ilipofika hakuonekana akienda kokote. Abdullatif alikasirika.

"Huyu mtoto ana akili, mwalimu. Twende tukaongee na baba yake. Wewe atakusikia. Kwako hawezi kukataa."

Walikwenda pamoja jioni. Baba yake Zuhura, Mwishehe, aliwakaribisha, akawapa viti. Zuhura alikuwa zizini akiwafungia mbuzi. Abdullatif alizungumza vizuri sana, habari za sekondari, za wasichana, za kesho. Mwishehe alimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akamgeukia Hajra.

"Mwalimu, wewe ndiye unayejua. Ukiniambia nimpeleke, nitampeleka kesho. Niambie."

Abdullatif alimtazama akingoja. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, kamba mkononi, akingoja pia.

Hajra aliitazama ile kamba, akautazama mkono ulioishika. Alijua mtoto yule anataka nini. Alijua pia kwamba wingu lilikuwa limeanza kukusanyika upande wa milimani, ingawa masika bado.

"Siwezi kukwambia, Mwishehe," alisema.

Akaaga, akasimama, akatoka uani. Abdullatif alibaki nyuma akiendelea kuongea.